Maumivu yaliyobaki baada ya vita: nikimwona mwanasaikolojia, je, nimekubali kwamba siumwi?

Swali. Daktari, mimi ni askari mstaafu. Miaka minne iliyopita nikiwa doria nilikanyaga bomu la kutegwa ardhini, nikapoteza mguu wa kushoto chini ya goti na kubaki na vipande vidogo vya chuma mgongoni. Kidonda kilipona na natembea kwa mguu wa bandia. Lakini usiku unyayo wa mguu usiokuwepo unawaka moto, vidole vyake vinajikunja kana kwamba vinavunjwa, na mgongo unauma kila siku. Cha ajabu, siku ile nilipolipuliwa sikusikia maumivu makubwa kama ninayoyasikia sasa. Silali vizuri, nakasirika kwa mambo madogo, nawakwepa watu, na mke wangu anasema anaishi na mtu asiyemjua. Nameza tramadoli kuliko kipimo nilichoandikiwa, na usiku naongeza pombe ili nipate usingizi. Vipimo vya karibuni havikuonyesha kitu kipya, na sasa daktari wangu amenipa rufaa kwa mwanasaikolojia. Nimeumia moyo. Je, anadhani najisingizia? Maumivu yangu ni ya mwili au ya akili?

Jibu. Ndugu yangu, pole sana kwa yote uliyoyapitia, na asante kwa kuandika waziwazi hata yale ambayo wengi huyaficha. Nianze na lile linalokuchoma zaidi. Maumivu yako ni ya kweli, yana chanzo mwilini, na katika maelezo yako hakuna hata neno moja linalonifanya nidhani unajisingizia. Daktari anayeijua kazi yake hampeleki mgonjwa wa maumivu sugu kwa mwanasaikolojia kwa sababu hamwamini. Humpeleka kwa sababu maumivu yaliyodumu miaka yameshagusa usingizi, hasira, ndoa na matumaini yake, na mambo hayo nayo yameshaanza kuyachochea maumivu yenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba ulipewa karatasi ya rufaa bila mtu kukaa nawe na kukueleza hayo.

Unauliza kama maumivu ni ya mwili au ya akili, na swali hilo linachukulia kwamba lazima yawe kimojawapo. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1979 uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020, kinayaeleza maumivu kuwa ni hali isiyopendeza inayohusu hisi za mwili na hisia za moyo kwa pamoja, inayoambatana na kuumia kwa mwili au uwezekano wa kuumia, au inayofanana na ile inayoambatana na kuumia huko. Ufafanuzi huo haukuandikwa kwa ajili ya wenye matatizo ya akili. Unamhusu hata mtu aliyechomwa na mwiba. Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo au figo, na maumivu yote, yawe ya jino au ya mguu uliokatwa, hukamilikia huko.

Ulichokieleza kuhusu siku ya mlipuko kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko mfano wowote ambao ningeutunga. Katika Vita Vikuu vya Pili, daktari wa Kimarekani aitwaye Henry Beecher aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya, wakiwemo wa mapigano ya Anzio nchini Italia mwaka 1944. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1946 alieleza kwamba takriban robo tatu ya majeruhi aliowauliza walisema hawana maumivu ya kiasi cha kuhitaji dawa, ingawa wengine walikuwa na mifupa iliyovunjika na matumbo yaliyopasuliwa na vyuma. Hawakuwa wamekufa ganzi, kwa maana askari yuleyule aliyesema jeraha halimuumi aliweza kulalamika kwa nguvu muuguzi alipomdunga sindano vibaya. Maelezo ya Beecher yalikuwa kwamba kwa askari yule jeraha lilimaanisha kuwa ametoka vitani akiwa hai, na maana hiyo iliyapunguza maumivu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jinsi jambo hilo linavyowezekana: habari za maumivu zinazopanda kutoka mwilini hupita kwenye lango lililo katika uti wa mgongo, na ubongo hutuma amri za kulifunga au kulifungua lango hilo. Siku ulipolipuliwa, ubongo wako ulilifunga ili uweze kujiokoa. Leo, miaka minne baadaye, njia hizohizo zinafanya kazi kinyume chako, na ni za mwili vilevile kama zilivyokuwa siku ile.

Sasa niseme kwa nini vipimo havioni kitu. Maumivu yanayoendelea au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 huitwa sugu, na katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, yamepewa nafasi yake yenyewe, yakiwemo yale yanayobaki baada ya jeraha au upasuaji. Neva zilizokatwa pamoja na mguu wako hazikunyamaza. Ncha zake hujaribu kuota upya, na mara nyingine hufanya kifundo kidogo kiitwacho niuroma, kinachotoa habari za maumivu hata kisipoguswa. Ndani ya uti wa mgongo, seli zilizopokea habari hizo kwa muda mrefu huwa nyepesi kushtuka kupita kiasi. Huko juu kwenye ubongo, eneo lililoutumikia mguu wa kushoto bado lipo, linasubiri habari za unyayo ambao haupo tena. Mfumo wako wa fahamu umekuwa kama mlinzi wa lindo aliyewahi kuvamiwa usiku, ambaye sasa hulifyatulia risasi kila jani linalotikisika: silaha yake ni ya kweli, risasi ni za kweli, na hakuna aliyemtuma kudanganya. Picha ya MRI huonyesha umbo la mfupa, diski na nyama, lakini haionyeshi wepesi wa neva kushtuka. Kwa hiyo kusema kwamba picha haina kitu kipya ni kusema tu kwamba hakuna kitu kipya kilichovunjika au kuota.

Hata hivyo, rufaa ya mwanasaikolojia isiufunge mlango wa uchunguzi wa mwili. Omba kigutu chako, yaani kipande cha mguu kilichobaki, kichunguzwe kwa mikono na mtu mwenye uzoefu. Niuroma ikigongwa kwa kidole husababisha mshtuko kama wa umeme unaokimbilia kwenye mguu usiokuwepo, na hiyo ni dalili inayoweza kutibiwa. Baada ya majeraha ya milipuko, mfupa mara nyingi huota ndani ya nyama mahali usipostahili. Aidha, kigutu hubadilika umbo kadiri miaka inavyopita, na mguu wa bandia uliokutosha vizuri miaka mitatu iliyopita huenda leo unakufanya uchechemee bila kujua, na mzigo wote ukauangukia mgongo. Nimeona maumivu ya mgongo yakipungua sana kwa kurekebishwa mguu wa bandia tu, kabla ya dawa yoyote.

Nigeukie hasira na usingizi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake waliwatibu askari waliopigwa risasi zilizojeruhi neva, na mwaka 1864 wakachapisha maelezo ya maumivu ya kuungua ambayo ungeyatambua mara moja. Waliandika kwamba mtu mwenye maumivu hayo hubadilika tabia, huwa mwepesi wa hasira, hapati usingizi, na hukereka hata kwa mchakacho wa gazeti linalofunguliwa au hatua za mtu anayepita wodini. Mitchell huyohuyo ndiye aliyeandika kwa kina, mwaka 1871, kuhusu kiungo kilichokatwa kinachoendelea kuhisiwa. Nakusimulia haya ili ujue kwamba hasira yako si kasoro ya malezi wala ishara kwamba umekuwa mtu mbaya. Tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita madaktari wa jeshi walikwisha kuiona kuwa ni sehemu ya ugonjwa.

Kuna sehemu nyingine, nayo ni kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Siwezi kukupima kwa barua, lakini kuwakwepa watu, kushtuka ovyo na kulala vibaya ni mambo yanayostahili kupimwa na mtaalamu. Maradhi yanayofuata baada ya kiwewe yalitambuliwa rasmi mwaka 1980 katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kwa kiasi kikubwa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Mwaka 2001 watafiti wawili, Timothy Sharp na Allison Harvey, walionyesha jinsi maumivu na kiwewe vinavyolishana. Hebu tazama usiku wako mmoja. Unyayo unaanza kuwaka, unaamka. Mwili unaoungua ni uleule uliolipuka, kwa hiyo kabla hujafikiri chochote moyo umeshaanza kwenda mbio, pumzi imekuwa fupi, masikio yanatafuta sauti nje ya dirisha. Misuli ya mgongo inakaza kama inavyokaza mtu anapotarajia pigo, na mgongo uliokwisha kuchoka unauma zaidi. Sasa huwezi kulala, na mtu ambaye hakulala husikia maumivu makali zaidi kesho yake. Ukimtuliza mgonjwa wa namna hii maumivu peke yake, kiwewe kitayaita tena. Ukimtibu kiwewe peke yake, maumivu yatamkumbusha mlipuko kila usiku. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vyote viwili vitibiwe kwa wakati mmoja, na watu wanaozungumza wao kwa wao.

Uliza pia kama uliwahi kupimwa mtikisiko wa ubongo. Mlipuko unaotosha kukata mguu unatosha kuutikisa ubongo, na dalili zake, kama kichwa kuuma, kusahau, kuchukia mwanga na kukosa subira, huchanganyikana kirahisi na za kiwewe. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliopitia kumbukumbu za matibabu za maveterani 340 wa Kimarekani waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan, asilimia 42 walikuwa na vyote vitatu pamoja: maumivu sugu, kiwewe na dalili za mtikisiko wa ubongo. Mtu mwenye vitatu akitibiwa kimoja, huonekana kana kwamba dawa hazimshiki au hataki kupona.

Kisha kuna huzuni, na kwa maoni yangu hiki ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Ulipoteza mguu, lakini pamoja nao ulipoteza kazi, cheo, wenzako mliokuwa mkilindana, na mtu uliyejijua kuwa wewe. Wengine hubeba pia hatia: kwa nini mimi nilipona na mwenzangu hakupona, au kwa nini nilifanya lile nililoamriwa kufanya. Hatia ya namna hiyo haiondolewi na kidonge, wala haiondoki kwa kuambiwa kwamba huna kosa. Jeshini ulifundishwa kuyaweka mambo haya kando ili kazi iendelee, na mafunzo hayo huenda ndiyo yaliyokufikisha hospitali ukiwa hai. Nyumbani mafunzo yaleyale hukufanya ukae kimya na mke wako, na yeye asijue kama umemchoka yeye au umechoka na maisha.

Uvumilivu wa kijeshi unadhuru kwa njia nyingine ambayo huwa naiona kila mara. Siku njema ikija, askari hufanya kazi zote zilizolala kwa wiki nzima, asisimame mpaka mwili umkatalie, kisha hulala siku mbili au tatu akiwa hoi. Baada ya miezi kadhaa siku njema zinakuwa chache na woga wa kusogea unakuwa mkubwa. Njia bora ni kuacha saa iamue badala ya maumivu. Pima ni dakika ngapi unaweza kutembea katika siku mbaya bila kulipia kesho yake. Tuseme ni 10. Anza na 8, kila siku, na zikitimia 8 usimame hata kama unajisikia vizuri, hasa kama unajisikia vizuri. Baada ya wiki ongeza dakika moja au mbili. Siku mbaya usizipunguze kuwa sifuri, siku njema usizizidishe. Kwa mtu aliyezoea kuipita mipaka yake, kusimama kabla ya kuchoka ni zoezi gumu kuliko kutembea kwenyewe, lakini hivyo ndivyo mfumo wa fahamu unavyojifunza tena kwamba mwendo si hatari. Maumivu yanayoongezeka kidogo wakati wa mazoezi, katika mgongo uliokwisha kuchunguzwa, hayamaanishi kwamba kuna kitu kinaharibika.

Kwa unyayo unaowaka, muulize mtaalamu wa tiba ya viungo kuhusu tiba ya kioo. Unakaa ukiwa umenyoosha miguu, kioo kirefu kikiwa kimesimama katikati, kigutu kikiwa kimefichwa nyuma yake. Unatazama kwenye kioo taswira ya mguu wako mzima, ambayo macho huiona mahali ulipokuwa mguu uliokatwa. Polepole unazungusha kifundo cha mguu ulio mzima, unakunja vidole na kuvikunjua, na wakati huohuo unajaribu kuufanyisha mguu usiokuwepo jambo lilelile. Kwa mara ya kwanza tangu mlipuko, ubongo unatoa amri kwa vidole vile na macho yanaleta jibu kwamba amri imetekelezwa, na mara nyingine vidole vilivyokuwa vimejikunja kwa miaka huhisiwa vikifunguka. Katika jaribio dogo lililofanywa kwenye hospitali ya kijeshi ya Walter Reed nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2007, watu 22 waliokatwa mguu au unyayo waligawanywa katika makundi matatu, wakafanya mazoezi dakika 15 kila siku kwa wiki 4. Waliotazama kioo walipata nafuu. Wengi wa waliotazama kioo kilichofunikwa, au waliofumba macho na kuwaza mwendo tu, hawakupata. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba tiba hii haimfai kila mtu, lakini haina gharama kubwa na madhara yake ni machache. Jambo moja la kujiandaa nalo: wawili katika jaribio lile walishikwa na huzuni kwa muda walipouona mguu umerudi kwenye kioo. Likikutokea, usiliache zoezi kwa aibu. Lizungumze na mwanasaikolojia wako, kwa sababu ni huzuni ileile niliyoitaja, imepata tu mahali pa kutokea.

Kuhusu vidonge lazima niwe mkali kidogo, kwa kukujali. Tramadoli ni ya jamii ya afyuni. Ikizidi kipimo inaweza kusababisha degedege, hasa kwa mtu aliyewahi kuumia kichwa, na ikichanganywa na pombe inaweza kudhoofisha pumzi usingizini mpaka mtu asiamke. Usiiache ghafla, kwa kuwa mwili uliokwisha kuizoea utapata shida kali. Nenda kwa daktari wako, mwambie idadi halisi unayomeza kwa siku na kiasi halisi cha pombe, ili mpunguze kwa hatua. Huenda unaogopa kwamba ukipunguza utabaki bila kinga. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 240 wa kliniki za maveterani huko Minneapolis, wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa nyingine, na waliopewa dawa nyingine ndio waliokuwa na maumivu madogo kidogo.

Maumivu ya neva, kama ya unyayo wako, yana dawa zake zinazojaribiwa kwanza: amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini. Ukisoma karatasi ya ndani ya boksi utaona nyingine zimeandikwa kuwa ni za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, na nyingine za kifafa. Tafadhali usiumie moyo tena. Hupewa watu wenye maumivu ya neva wasio na sonona wala kifafa, kwa sababu hutuliza njia zilezile za neva nilizozieleza. Ila usizianze mwenyewe juu ya tramadoli. Duloksetini na amitriptilini zikikutana nayo zinaweza kuleta sumu, na gabapentini na pregabalini huongeza hatari ya pumzi kudhoofika. Pombe nayo hukupa usingizi wa saa za mwanzo na kukuibia wa saa za mwisho, ndiyo sababu pengine unaamka usiku wa manane. Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba tiba ya kubadili fikra na mwenendo wa kulala itangulie vidonge. Hiyo pia hutolewa na wanasaikolojia.

Hapo tunafika kwenye kazi yake hasa. Mwanasaikolojia hatakuuliza kama maumivu ni ya kweli. Kwa upande wa kiwewe, tiba zenye ushahidi mzuri humwezesha mtu kuirudia kumbukumbu ya tukio kwa mpangilio na usalama, au kuzichunguza fikra zilizobaki nalo, kwa vikao ambavyo kwa kawaida huwa kati ya 8 na 15. Vikao vya mwanzo huwa vizito, na wapo wanaoona hali ikizidi kabla ya kutulia. Ni vizuri ulijue hilo mapema ili usikimbie katika kikao cha tatu. Kwa upande wa maumivu, atakusaidia kutambua fikra zinazoyapandisha, kama ile ya kwamba nitakuwa hivi hadi kufa, na kurudi kwenye shughuli ulizoziacha kabla maumivu hayajaisha. Sikuahidi kwamba maumivu yatafika sifuri. Faida ya tiba hizi kwa ukali wa maumivu wenyewe mara nyingi ni ya wastani, na mara nyingi mtu hupata tena maisha kwanza, nafuu ikafuata nyuma. Anayesubiri maumivu yaishe ndipo aanze kuishi husubiri muda mrefu sana.

Mke wako aende nawe angalau mara moja. Kabla ya siku hiyo, mwambie sentensi moja tu iliyo wazi, kwa mfano kwamba unapojifungia chumbani ni mguu unaowaka wala si yeye. Mwombe pia asikufanyie kila kitu. Mapenzi yanayomwondolea mgonjwa kila kazi humwondolea na nguvu, na wewe unahitaji kuonekana mtu wa kutegemewa nyumbani mwako. Tafuta vilevile watu wengine waliokatwa viungo, kwa sababu wanajua mambo ambayo sisi madaktari tunayajua kwa kusoma tu. Daktari Ludwig Guttmann, aliyewatibu askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, aliingiza kazi na michezo katika matibabu. Tarehe 29 Julai 1948 majeruhi 16, wanaume na wanawake, walishindana pale kulenga shabaha kwa upinde na mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Olimpiki ya walemavu ilikua kutokana na siku hiyo. Si lazima uwe mwanamichezo, lakini unahitaji mahali ambapo jeraha lako halihitaji maelezo.

Hukuniandikia kuhusu mawazo ya kutaka kufa, ila maumivu, kukosa usingizi, pombe na upweke vikikutana mawazo hayo huja, na nikinyamaza nitakuwa sikutendei haki. Yakikujia, mwambie mke wako au rafiki unayemwamini saa hiyohiyo, nenda kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na kama kuna silaha au akiba kubwa ya vidonge nyumbani mpe mtu mwingine aviweke mbali nawe. Fanya hivyo hata kama mawazo yamepungua asubuhi. Nenda hospitali bila kusubiri pia ukipata ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia haja, mguu ulio mzima ukianza kulegea, ukipata homa pamoja na maumivu mapya ya mgongo, au kigutu kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa usaha.

Nenda kwenye miadi uliyopewa. Chukua karatasi uandike kwa wiki moja saa maumivu yanapoanza, ulichokuwa ukifanya, ulilala kwa muda gani na vidonge ulivyomeza, bila kupunguza chochote. Mwambie mwanasaikolojia tangu mwanzo kwamba uliichukulia rufaa hii kama tuhuma; mtu mzuri atashukuru kulijua hilo. Muulize kama amewahi kuwatibu watu wenye maumivu sugu na waliotoka vitani, na kama hajawahi, una haki ya kuomba upelekwe kwa aliye na uzoefu huo. Mwisho, mwombe aandike barua kwa daktari wako kuhusu mpango wa kupunguza tramadoli, ili siku mtakapoanza vikao vya kiwewe wote wawili wajue uko kwenye kipimo gani.